Mkojo wa Mtoto Usiumwage Haraka

Mtoto amezaliwa salama. Amelia papo hapo, uzito wake ni kilo tatu na kitu, titi amelishika bila kufundishwa, na mama yake ameruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya nne anaanza kulisusa titi. Anatapika kidogo, analala kupita kiasi, na ukimwamsha anafungua macho kisha anayafumba tena kama mzee aliyechoshwa na maneno ya watu. Siku ya sita mwili umelegea kama kanga iliyoloa, au amekakamaa akiupinda mgongo, na degedege imemshika. Nyumbani sasa wanaulizana ni nani alikuja kumtazama mtoto juzi, na alisema nini alipokuwa akitoka mlangoni.

Nawaandikia wazazi, mabibi na wahudumu wa zahanati wa Mbulu na Hanang, kuanzia Dongobesh hadi Basotu. Swali la mgeni wa juzi liacheni kwanza. Ulizeni hili: mtoto alikuwa mzima siku ngapi kabla ya kuanza kuumwa, na mkojo wake unanukaje?

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja lisije likapotea katikati ya mengine. Watoto wengi wachanga wanaougua hivi huku kwetu wana uambukizo wa damu, na uambukizo huua kwa saa. Kwa hiyo mtu asikae nyumbani na nepi puani akichunguza harufu. Mfunike mtoto apate joto, endelea kumnyonyesha kama anameza, panda chochote chenye magurudumu, uwahi hospitali. Dawa za uambukizo zianze. Haya ninayoyaeleza ni ya kufikiriwa hapo hapo, sambamba na dawa, hasa pale mtoto anapopewa sindano zote na bado hali inazidi kuwa mbaya.

Anayemwagilia vitunguu saumu kule Bashay ataelewa ugonjwa huu upesi kuliko mwanafunzi wa chuo. Protini tunayokula, iwe ya maziwa, maharage au nyama, hukatwakatwa tumboni kuwa chembe ziitwazo asidi amino. Ziko aina 20. Mwili huchukua zinazohitajika kujenga nyama, damu na ubongo, na zinazobaki huzipitisha kwenye mifereji ya kuzivunjavunja, kazi inayofanyika zaidi kwenye ini. Kila mfereji una malango yake, na kila lango lina mlinzi wake, ambaye wataalamu humwita kimeng'enya. Mtoto akizaliwa na mlinzi mmoja mbovu, lango halifunguki. Maji yanajaa nyuma ya lango, yanafurika kingo, yanaingia shamba la jirani ambako hayakutakiwa, huku bustani iliyo mbele ya lango ikikauka. Mambo hayo matatu yakumbuke: kujaa, kufurika na kukauka. Karibu dalili zote za magonjwa haya zinatokana na moja kati ya hayo.

Kwa nini basi mtoto azaliwe mzima? Kwa sababu tumboni kondo la nyuma lilikuwa linamfanyia kazi. Sumu iliyojaa kwake ilivuka kwenda kwa mama, na ini la mama likaisafisha. Kitovu kikikatwa mtoto anabaki peke yake na lango lake bovu, na kila anaponyonya maji yanaongezeka. Ndiyo maana siku hizo chache za uzima ni habari kubwa kwa daktari. Mtoto aliyechoka wakati wa kuzaliwa huwa mgonjwa tangu dakika ya kwanza. Huyu wetu alikuwa mzima, akabadilika. Mwambie daktari hivyo, kwa siku na kwa saa ukiweza.

Aliyeanzisha kufumbuliwa kwa ugonjwa mmojawapo wa namna hii hakuwa daktari. Alikuwa mama, tena wa Norway, nchi ambayo wamisionari wake Walutheri walikuja kufungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Borgny Egeland alikuwa na watoto wawili, Liv na Dag. Walizaliwa bila kasoro ya kuonekana, kisha akili zao zikadumaa mwaka hadi mwaka, na miilini mwao mlikuwa na harufu ya ajabu isiyotoka hata wakioshwa. Alizunguka kwa madaktari wengi bila kupata jibu. Mwaka 1934 alimfikia Asbjørn Følling, daktari aliyekuwa pia mtaalamu wa kemia. Følling akadondoshea mkojo wa watoto wale dawa ya kloridi ya chuma, akitazamia rangi ya wekundu wa kahawia au isibadilike kabisa. Ikageuka kijani iliyokolea. Akamwomba mama alete mkojo zaidi, na mama akaleta, siku baada ya siku, lita kwa lita, mpaka ile asidi iliyokuwa ikifurika ikachujwa ikajulikana. Kisha Følling akapima mkojo wa watu 430 waliokuwa kwenye vituo vya wenye ulemavu wa akili, akapata wengine 8 kama wale. Ugonjwa huo leo unaitwa fenilketonuria. Asidi amino inayojaa ni fenilalanini.

Nina sababu ya kukaa kwenye hadithi hii. Siku moja ya mnada nilikaa na bibi mmoja pembeni ya wauza viatu, akanieleza habari za wajukuu wake wawili, watoto wa binti yake, waliofariki wote kabla ya kutimiza wiki mbili. Wote wawili, alisema, walinuka sukari iliyoungua, kwenye nepi na hata masikioni. Aliyasema hayo walikompeleka mtoto wa pili, akajibiwa kwamba bibi, hiyo ni pua yako. Siwezi kuapa kwamba watoto wale walikuwa na ugonjwa ninaouzungumzia, maana hakuna kilichopimwa. Lakini harufu ya sukari iliyoungua ni dalili iliyoandikwa vitabuni tangu mwaka 1954. Ni ya ugonjwa ambao asidi amino tatu, leusini ikiwa kali kuliko zote, hujaa na kuvimbisha ubongo ndani ya wiki ya kwanza na ya pili. Pua ya bibi yule ilistahili kuandikwa kwenye faili.

Harufu nyingine za kuzijua ni hizi. Fenilketonuria hunuka uvundo kama stoo yenye panya. Ugonjwa mmoja wa mfereji wa leusini hunuka soksi zilizovaliwa siku nyingi na jasho. Kuna wa tairosini unaokumbusha kabeji iliyochemka mno. Na kuna mmoja usio wa haraka, ambao mkojo ukiachwa wazi hugeuka mweusi, na nepi hubaki na madoa ya rangi ya chai ya rangi. Huo hauui mtoto, ila humsubiri ukubwani akaumwa mgongo na viungo.

Ila harufu nayo hudanganya. Mama aliyekunywa uwatu ili maziwa yatoke, kama wafanyavyo wengi wa pwani na siku hizi hata wa bara wanaonunua madukani, yeye na mtoto wake wanaweza kunuka hiyo hiyo sukari iliyoungua, na mtoto hana ugonjwa wowote. Kwa hiyo ukiripoti harufu, ripoti na ulichokula. Vitunguu saumu pia, maana Mbulu tunajuana.

Namna ya kupeleka mkojo. Chukua kichupa safi kikavu chenye kifuniko, kioshe kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato. Mkojo wa mtoto wa kiume hukingwa kirahisi asubuhi kabla ya kunyonya au mara anapoanza kunyonya. Wa kike humtaka mtu mwenye subira na kikombe. Andika kwenye plasta siku na saa. Usipopata mkojo, chukua nepi ya kitambaa iliyoloa, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uende nayo. Hospitalini omba mambo manne, kwa heshima lakini bila kunong'ona: sukari ya damu, ketoni kwenye mkojo, kiwango cha asidi ya damu, na amonia pale inapopimwa. Sukari na ketoni hupimwa hata kwenye kituo cha afya kwa kijiti. Ketoni nyingi kwa mtoto mchanga si jambo la kawaida, na daktari mwenye akili ya haraka ataacha kufikiria uambukizo peke yake.

Ombi la tano watu hulisahau: matone ya damu kwenye kadi. Kina mama waliopitia huduma ya kuzuia maambukizi ya VVU kwa mtoto wanaijua kadi ile, ile karatasi ngumu ambayo mtoto hutobolewa kisigino na damu kudondoshewa kwenye miduara, ikakaushwa. Mwanzo wake ni Robert Guthrie wa Marekani, aliyeibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya fenilketonuria. Nchi nyingi tajiri humtoboa kisigino kila mtoto katika siku zake za kwanza na kumpima magonjwa haya kabla hajaugua. Kwetu mtoto hapimwi hivyo kwa utaratibu wa kawaida, na huo ndio msiba wenyewe. Lakini karatasi ipo. Damu iliyokaushwa vizuri husafiri kwenye bahasha hadi maabara ya mbali. Ichukuliwe wakati mtoto yuko taabani, kabla dripu haijasafisha ushahidi. Na mtoto akifariki, hata kama moyo umevunjika, kadi ile ndiyo itakayowaambia wazazi la kufanya mimba ijayo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nahofia zaidi likieleweka vibaya. Ukishasikia kwamba protini inaweza kuwa sumu kwa mtoto, usiende nyumbani ukapunguza maziwa na maharage. Huku kwetu shida ya watoto walio wengi ni kinyume kabisa. Haydom palikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti mkubwa wa nchi nane uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa, kuangalia kuharisha, chakula na ukuaji. Baadaye pakafanyika utafiti mwingine wa watoto zaidi ya 1,000, uliojaribu pamoja na mambo mengine kuwapa vitamini inayotengenezwa mwilini kutokana na asidi amino iitwayo triptofani, kwa sababu mahindi yana triptofani kidogo. Watoto hawakurefuka zaidi kwa vitamini hiyo, lakini swali lenyewe linaonyesha hali ilivyo: mtoto wa kawaida wa Mbulu anayekula uji na ugali wa mahindi anapungukiwa asidi amino. Anayezidiwa ni mmoja kati ya maelfu mengi. Fenilketonuria yenyewe, ambayo Ulaya humpata mtoto mmoja hivi kati ya 10,000, ni adimu zaidi kwa Waafrika.

Taabu ni kwamba kwa nje wawili hawa hufanana. Mtoto mwenye unyafuzi nywele zake hupoteza weusi, zikawa za kahawia, nyepesi, za kung'oka. Mwenye fenilketonuria naye nywele na ngozi huwa hafifu kuliko za ndugu zake, kwa sababu tairosini inayotengeneza weusi haifiki; ile bustani ya mbele ya lango imekauka. Mmoja dawa yake ni maziwa na maharage, mwingine maziwa yale yale yanamharibu. Unawatofautishaje? Unyafuzi huvimbisha miguu, na mtoto akilishwa vizuri huonekana nafuu baada ya wiki kadhaa. Akilishwa vizuri na kuongezeka uzito, lakini akazidi kuzubaa, hakai, hatamki neno, anapata degedege bila homa, hapo mrudishe, useme wazi kwamba chakula kimeingia na akili haifuati. Mpaka apimwe, alishwe kama watoto wengine.

Maziwa ya ng'ombe yana habari yake peke yake. Katika nyumba za wafugaji, Wairaqw na Wadatoga, kumwonjesha mtoto mchanga maziwa ya ng'ombe ni mapenzi. Lakini maziwa ya ng'ombe yana protini karibu mara tatu ya maziwa ya mama. Mtoto mwenye lango bovu anaweza kuhimili maziwa ya mama kwa siku kadhaa, akapewa ya ng'ombe akaanguka. Hata mtoto asiye na ugonjwa wowote, figo zake changa hazijawa tayari kwa mzigo huo. Miezi sita ya kwanza, titi tu. Ushauri huo wa kliniki mmeusikia mpaka mmeuchoka, nami nimewaongezea sababu moja.

Adui mwingine ni njaa, na hapa watu hushangaa. Mtoto wa namna hii asipokula, mwili huanza kula misuli yake wenyewe, na misuli ni protini. Sumu hupanda bila kijiko kuguswa. Homa ya malaria, kuharisha, kutapika usiku kucha, hata kumnyima chakula asubuhi kwa ajili ya upasuaji mdogo, vyote humpeleka pabaya. Kuna ugonjwa wa asidi amino ya lisini, glutariki asiduria ya aina ya kwanza, unaojulikana vizuri kwa Waafrika weusi wa Afrika Kusini. Mtoto huwa na kichwa kikubwa kidogo, anacheza na wenzake, kisha siku moja anapata homa ya kawaida kabla ya kutimiza miaka mitatu, na ndani ya siku mbili mikono na miguu inajikunja na kujisokota, haimtii tena maishani. Ukiwahi kumpa sukari siku ile ya homa, mara nyingi unauokoa ubongo wake. Kwa hiyo tiba ya dharura ni hii, na daktari ndiye mwenye kuiongoza: protini isimamishwe kwa siku moja au mbili, isizidi hapo, na wakati huo huo mtoto apewe nguvu kwa dripu ya glukosi ya asilimia 10. Kusimamisha maziwa bila kumpa sukari ni kumuua kwa njia nyingine. Familia ambayo mtoto wake ameshajulikana iwe na karatasi iliyoandikwa na daktari wake, imetiwa kwenye plastiki na kubandikwa ndani ya kadi ya kliniki, yenye jina la ugonjwa na maelekezo hayo, ili muuguzi wa zamu saa nane usiku asihitaji kubishana na mtu.

Kwa mtoto aliyepimwa na kuthibitishwa, chakula ndicho dawa, na kinahesabiwa kwa mizani ya jikoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Birmingham, Uingereza, mama wa mtoto aitwaye Sheila alimganda daktari Horst Bickel asubuhi baada ya asubuhi mlangoni mwa maabara, akidai apewe njia ya kumsaidia mwanawe, mpaka Bickel na wenzake wakatengeneza mchanganyiko wa kwanza wa protini iliyochujwa fenilalanini. Mchanganyiko wa aina hiyo hautaupata kwenye duka la Mbulu mjini wala Katesh, na bei yake huumiza. Unachoweza kukijua wewe ni chakula cha hapa. Mwenye fenilketonuria kali anaweza kuruhusiwa gramu tano hadi saba tu za protini ya kawaida kwa siku. Yai moja lina gramu sita hivi, maana yake yai moja linaweza kummalizia posho yake ya siku nzima. Maharage makavu gramu 100 yana protini zaidi ya 20, unga wa mahindi kama 8. Unga wa muhogo hauna hata 2. Viazi vitamu, maboga, ndizi, matunda, mafuta na sukari ndivyo vya kumshibishia. Soda zilizoandikwa kwamba hazina sukari ziacheni, maana nyingi zimetiwa aspatamu, ambayo ina fenilalanini ndani yake. Na muhogo uwe mtamu, au uliolowekwa na kukaushwa sawasawa. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri ulishawapoozesha watu miguu Tarime miaka ya 1980, na mwili hutumia asidi amino zenye salfa kuiondoa sumu yake, kwa hiyo mtoto anayekula protini kidogo hana akiba ya kupambana nayo.

Kuna ugonjwa mmoja unaofurahisha kuusimulia, kwa sababu nusu ya wagonjwa wake dawa yao iko kwenye kabati la kila kliniki ya kifua kikuu. Ni homosistinuria. Mtoto hukua mrefu mwembamba, macho yake huona karibu tu kwa sababu lenzi imeteleza kutoka mahali pake, na damu huganda kwenye mishipa angali kijana. Karibu nusu yao hupata nafuu kwa vitamini B6, pairidoksini, ile ile wanayopewa wanaotumia isoniazidi. Msiende kuinunua na kumpa mtoto kwa kubahatisha, maana ikizidi sana huharibu mishipa ya fahamu. Lakini mtoto wa shule ambaye miwani yake hubadilishwa kila mwaka na daktari wa macho akasema lenzi imehama, aulizwe na habari ya damu.

Limebaki la lawama. Magonjwa karibu yote haya hurithiwa namna moja: baba amebeba jeni moja mbovu, mama amebeba moja, na wote ni wazima kwa sababu kila mmoja ana nzuri ya akiba. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata mbovu zote mbili. Watanzania tunaujua mpango huu kuliko tunavyodhani. Ndio huo huo wa sikoseli. Ndio huo huo wa ualbino, ambao kwetu hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 1,400. Archibald Garrod, Mwingereza aliyezieleza kasoro hizi kwa pamoja mwaka 1908, aliuweka ualbino katika magonjwa yake manne ya mwanzo, pamoja na ule wa mkojo mweusi. Wazazi wawili weusi wakizaa mtoto mwenye ualbino, kila mmoja ametoa nusu. Vivyo hivyo hapa. Mwanamume anayemrudisha mke kwao kwa sababu watoto wanakufa siku ya saba amesahau kwamba nusu ya sababu amebaki nayo yeye. Akioa binti mwingine wa ukoo wa mke yule, anaweza kuikuta nusu nyingine mlangoni. Na nafasi ya moja kati ya nne haina kumbukumbu: kufiwa na wawili hakumlindi wa tatu.

Basi ikiwa mmefiwa hivyo na mimba nyingine imeingia, semeni kwenye hudhurio la kwanza la kliniki, na liandikwe: watoto wawili, walikuwa wazima, wakaugua siku ya nne, wakafariki. Mzalie hospitali yenye daktari wa watoto, si njiani kuelekea huko. Barabara zetu za masika mnazijua. Ombeni msiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya siku ya saba, mtoto apimwe sukari na ketoni kila siku, na kadi ya matone ya damu ichukuliwe akiwa na saa 48 hadi 72. Bibi awepo. Nepi ya kwanza asubuhi apewe yeye anuse, na atakalosema liandikwe kwa maneno yake.